Makala Iwe na Urefu Gani?

Wapendwa wasomaji wa gazeti letu, nawasalimu nyote, wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, pamoja na wale mnaosomewa gazeti hili na wajukuu.

Katika mkutano uliopita wa waandishi wa parishi, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mnatuambia tuandike, lakini hamtuambii tuandike mpaka wapi. Makala iwe na urefu gani?" Nikamjibu upesi, kama sisi walimu tunavyopenda kujibu upesi, "Kama kamba ya ndoo, mama. Hutegemea kina cha kisima." Watu wakacheka, tukaendelea na ajenda. Njiani kwenda nyumbani nikatambua kwamba sikumjibu. Mwenye ndoo anakiona kisima. Mwandishi anakiona wapi? Ndipo nikamwomba Mhariri nafasi ya somo hili. Amenipa kurasa nane za toleo hili la Noeli, nami nitaeleza gharama yake hivi punde, ili asiwepo wa kusema kwamba mwalimu anafundisha ufupi huku akila nafasi ya wenzake bila kujua.

Tuanze na karatasi, maana karatasi ndiyo inayosema kwanza.

Gazeti letu huchapwa kwenye karatasi ya A4, yaani ile ya milimita 210 kwa 297, ambayo hukunjwa katikati. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne. Kwa hiyo gazeti haliwezi kuwa na kurasa 17 wala 18. Ni 16, au 20, au 24. Ukurasa mmoja, kwa herufi ambazo mzee aweza kuzisoma bila kuhangaika, huchukua maneno 300 na kidogo. Sasa fikiri. Mhariri amekwisha kupanga kurasa 16, kisha inaletwa makala iliyozidi ukurasa wake kwa maneno 40 tu. Maneno hayo 40 hayana pa kukaa. Ama ayaondoe, ama aongeze karatasi nzima. Na akiiongeza, inambidi atafute habari za kujaza kurasa tatu nyingine. Kwa nakala 300, karatasi moja ya ziada ni karatasi 300, na rimu nzima ina karatasi 500. Kurasa zangu nane za leo zimekula karatasi 600. Nimekwisha kumwomba radhi mtunza hazina.

Nilipoanza ualimu tulikuwa tukikata stensili kwa mashine ya taipu iliyoondolewa utepe, halafu tunarudufu kwa kuzungusha mkono. Stensili ilikuwa na mistari iliyokwisha chapwa kuonyesha mwisho wa ukurasa. Ukiufikia, umefika. Kosa lilizibwa kwa dawa ya chupa ndogo iliyonuka kama rangi ya kucha, na aliyekosea mara nyingi alijulikana kwa harufu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilitufunza kufikiri kabla ya kugonga herufi. Kompyuta imetuondolea adabu hiyo. Siku hizi makala ikizidi, kijana wetu wa kompyuta hupunguza herufi kidogo, kisha kidogo tena, mpaka yote yaenee. Hapo makala haikufupishwa, imefichwa. Vijana wataisoma, lakini bibi anayeshika gazeti kwa urefu wa mkono hataisoma, naye ndiye aliyetoa sadaka ya kulichapa.

Hata hivyo karatasi hutuonyesha mpaka usiovukwa, basi. Haituambii habari yenyewe inataka kiasi gani. Waraka wa Pili wa Yohana una aya 13, na wa Tatu hauzidi 15. Wataalamu wanasema kila mmoja ungeenea kwenye karatasi moja ya mafunjo. Katika nyaraka zote mbili mwandishi anaeleza kwamba anayo mengi zaidi, ila hataki kuyatia wino. Anatumaini kuja wazungumze ana kwa ana. Sidhani kwamba alikosa karatasi ya pili. Naona alipambanua lipi ni la kuandikwa na lipi ni la kusemwa barazani. Sisi nasi, kabla ya kuhesabu maneno, tungejiuliza hilo. Ugomvi wa kwaya kuhusu sare, kwa mfano, ni jambo la barazani, hata kama mwandishi ana kurasa kumi za ushahidi.

Kuhusu kuhesabu maneno nina neno moja. Vitabu vya Kiingereza vya uandishi hupenda kutoa hesabu: makala ya namna hii maneno mia kadhaa, ya namna ile elfu kadhaa. Hesabu hizo tusizichukue kama zilivyo. Sisi tukisema "tulipowapelekea" tumesema neno moja. Mwingereza angehitaji matano. Kwa hiyo maneno 1000 ya Kiswahili hubeba mzigo mkubwa kuliko maneno 1000 ya Kiingereza, na msomaji wetu huchoka mapema. Mimi napenda kipimo cha saa. Nikisoma kwa sauti ya darasani, dakika moja hunitosha maneno 100 hivi. Makala ya kurasa mbili ni dakika sita. Katika nyumba nyingi za parishi yetu gazeti husomwa kwa sauti, mtoto mmoja akisoma na wengine wakichambua mchicha au wakisuka ukili. Dakika sita mtoto wa darasa la sita anaweza. Dakika kumi na tano anaanza kuruka mistari, na bibi hajui kwamba ameruka.

Sasa tuingie ndani ya makala yenyewe. Miaka mingi nimesahihisha insha, na nimeona kwamba unene wa makala, mara tisa katika kumi, uko kichwani. Mwandishi anakaa kuandika, hajui aanzie wapi, basi anaanza kwa kusalimu. Chukueni mfano huu, nilioutunga mwenyewe ili asijisikie mtu: "Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii adimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na afya njema hata tukaweza kufika siku ya leo, na pili nawashukuru viongozi wote wa parishi kwa ushirikiano wao mkubwa waliouonyesha." Maneno 34, na bado hatujui kumetokea nini. Tazameni sasa: "Upepo wa tarehe 4 Oktoba uling'oa mabati 11 ya paa la kanisa. Fundi ameyarudisha. Tunadaiwa shilingi 180,000, na mvua za vuli zimeanza." Maneno 22, na msomaji amekwisha kutia mkono mfukoni.

Msinielewe vibaya. Mkutanoni mtu asiyesalimu ni mtu asiye na malezi, na shukrani ni wajibu. Lakini gazeti limekwisha kusalimu ukurasa wa kwanza, katika barua ya Kasisi, kwa niaba ya sisi sote. Salamu kumi na mbili katika toleo moja ni kama wageni kumi na wawili kupanga foleni mlangoni, kila mmoja akibisha hodi upya wakati mlango u wazi. (Naona nami nimesalimu hapo juu. Mstari mmoja, nimejihurumia.)

Jambo hili si geni. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichomo katika vile vitabu ambavyo Kanisa letu husoma kwa mafundisho ya mwenendo, mwandishi anaeleza kazi aliyojitwika. Mtu mmoja aitwaye Yasoni wa Kirene alikuwa ameandika habari za vita vya Yuda Makabayo na ndugu zake katika vitabu vitano. Yeye akaamua kuvifupisha viwe kimoja, kwa ajili ya wasomaji waliolemewa na wingi wa habari. Anakiri kwamba kazi ya kufupisha si rahisi, bali ni ya jasho na ya kukesha. Na anapomaliza dibaji yake anasema, kwa maana yake, kwamba ni upumbavu kurefusha utangulizi kisha kuikata habari yenyewe. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikawakumbuka wanafunzi wangu.

Lakini liko jambo jingine katika kisa hicho ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa mtu mzima, nalo halichekeshi. Vitabu vitano vya Yasoni havipo tena. Vimepotea, na kilichobaki mikononi mwetu ni ule ufupisho. Alichokiacha mfupishaji yule, kwa kuona hakina haja, hakuna awezaye kukirudisha.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nimefanya hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa msaidizi wa Mhariri, binti mmoja aliniletea tanzia ya baba yake, katekista mstaafu. Aliiandika kwenye daftari la shule, kurasa sita zilizojaa, maneno kama 1200. Nafasi yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilikaa nayo jioni moja, kalamu nyekundu mkononi, nikaifanyia kama nilivyofundishwa Chuo cha Ualimu kufanya ufupisho wa mtihani: weka mambo makuu, ondoa mifano, ondoa masimulizi, usizidishe idadi ya maneno. Nikabakiza tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, ya kipaimara na ya ndoa. Makanisa aliyotumikia, moja baada ya jingine, na miaka yake. Idadi ya watoto na wajukuu. Siku ya kufa na mahali alipozikwa. Maneno 290. Niliona kazi nzuri. Kama ungekuwa mtihani ningejipa alama zote.

Gazeti lilipotoka, binti yule alikuja nyumbani kwangu. Hakugomba. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za mama watoto. Alipoinuka kuondoka akasema, "Mwalimu, umetuandikia cheti cha kifo."

Nilichokuwa nimekiondoa, kama ninavyokumbuka, kilikuwa hivi. Kwa miaka mingi kila Jumamosi jioni marehemu alikuwa akienda kwa mzee mmoja kipofu aliyekaa ng'ambo ya mto, mtu asiyeweza tena kufika kanisani, kumsomea masomo ya Jumapili. Alimsomea mara mbili, kwa sababu mzee alipenda mara ya pili kufuatisha kwa mdomo. Hakumwambia mtu. Mkewe alijua kwa sababu ya viatu kurudi na tope. Yalikuwamo na mengine: waliyozungumza baada ya masomo, na jambo fulani mzee yule alilosema kabla ya kufa, ambalo binti aliliandika kwa urefu, mimi nikalipiga mstari mwekundu. Silikumbuki. Nimejaribu. Daftari lenyewe nililitumia kwa mahesabu ya nyumbani, kisha likaenda na takataka. Sikujua kwamba hakuwa na nakala. Aliyemsimulia mambo hayo alikuwa mama yake, naye alikuwa amekwisha kumfuata mumewe. Binti alijaribu kuandika upya, akaniambia hayaji tena kama yalivyokuja wiki ile ya msiba.

Kosa langu lilikuwa nini? Si kufupisha. Ukurasa ulikuwa mmoja, na maneno 1200 yasingeenea hata kwa maombi. Kosa ni kwamba sikujiuliza msomaji tayari anacho nini. Tarehe zote zile zimo katika daftari la ubatizo na la ndoa, ofisini kwa Kasisi, na zitakuwamo hata tukifa sote. Makanisa aliyoyatumikia kila mtu parishini aliyajua. Zile Jumamosi hakuna aliyezijua. Ningeweza kuziweka tarehe katika maneno 60, na maneno 240 yaliyobaki ningeyatumia kuvuka mto pamoja naye. Ukurasa ungekuwa uleule mmoja.

Mama aliyeniuliza mkutanoni, kama unasoma, hilo ndilo jibu langu la leo badala ya lile la kamba. Urefu wa makala utokane na kile ambacho msomaji hana. Alicho nacho, kiguse upite. Asicho nacho, kaa hapo, hata kama ni mambo ya viatu na tope.

Hapa parishini hatuna mfano mkubwa wa kulithibitisha hilo kwa upande wa pili, upande wa kurefusha, kwa hiyo nitawapeleka mbali kidogo, hadi Marekani na Japani. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, Wamarekani waliudondoshea mji wa Hiroshima bomu la atomiki. Magazeti ya dunia yaliandika habari hiyo siku nyingi: nguvu za bomu, ukubwa wa mji, hesabu za waliokufa. Mwaka uliofuata mwandishi mmoja Mmarekani, John Hersey, alikwenda Hiroshima kwa niaba ya gazeti la kila wiki la The New Yorker. Akazungumza na watu waliookoka, akachagua sita: madaktari wawili, mchungaji Mjapani wa Kimethodisti, padre Mjesuiti kutoka Ujerumani, mjane fundi cherehani mwenye watoto watatu, na karani mmoja wa kike. Akaandika walichokuwa wakifanya dakika ile, na saa ile, na siku zilizofuata.

Makala ilifika maneno 30,000 hivi. Kwa kurasa zetu hizi ni kurasa 100, karatasi 25 kwa nakala moja, rimu 15 kwa nakala zetu 300. Mpango wa kwanza ulikuwa kuigawa katika matoleo manne. Mhariri mmojawapo, William Shawn, akaona itoke nzima, mara moja; mkuu wake, Harold Ross, alitafakari kwanza kisha akakubali. Basi toleo la tarehe 31 Agosti 1946 likawa na makala hiyo moja tu. Zile katuni na habari fupifupi za mjini ambazo wasomaji walizoea kuzikuta ziliwekwa kando. Nakala zilinunuliwa zikaisha, na redio moja ikaisoma yote hewani kwa jioni nne.

Nimeitafakari sana makala hiyo, kwa sababu inakwenda kinyume cha yote niliyofundisha darasani. Kwa nini haichoshi? Kwanza, haina salamu. Inaanza dakika ileile, na yule karani ameketi mezani pake, anageuka kusema na mwenzake. Pili, sentensi zake ni za kawaida kabisa. Mwandishi hapigi kelele wala hahubiri. Lakini kubwa zaidi, wasomaji walikuwa tayari na hesabu ya wafu. Hawakuwa na mtu. Na mtu hawezi kuelezwa kwa mistari miwili, sembuse sita. Huyo fundi cherehani akipewa aya moja tu anakuwa "mjane wa watoto watatu", yaani hesabu nyingine tena. Akipewa nafasi, unamwona anawatoa watoto chini ya kifusi mmoja mmoja. Wahariri wale walielewa kwamba nafasi ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Ila mtu asiniletee maneno 30,000 ya safari ya kwenda mkutano wa sinodi. Basi lilivyochelewa tunajua. Sote tumepanda mabasi.

Niseme na hili, ingawa si wote watakaolipenda. Katika magazeti ya kanisa, na letu likiwamo, mara nyingi urefu hufuata cheo. Hotuba ya mgeni rasmi huchapwa yote, pamoja na majina ya waheshimiwa aliowatambua. Mlinzi wa kanisa aliyelala pale miaka 22 akistaafu hupewa mistari minne chini ya tangazo la harambee. Sisemi viongozi wasiheshimiwe. Nasema hotuba ile watu 400 waliisikia kwa masikio yao, na mambo aliyoyaona mlinzi usiku hakuna aliyeyasikia. Gazeti la Msimulizi, ambalo Misheni ya UMCA ilianza kulichapa Unguja mwaka 1888, lilikuwa likileta habari za vituo vya misheni, na watafutao historia wanalisoma hata leo. Sisi nasi hatujui ni nani atakayelifungua gazeti letu baadaye, akitaka kujua tulivyoishi. Majina ya waheshimiwa atayapata kwingine.

Kuhusu kugawa makala, yaani kuandika "itaendelea", nina mashaka nako. Hufaa kwa historia ya parishi au mafundisho ya Kwaresima, ambamo kila sehemu inaweza kusimama kwa miguu yake. Lakini gazeti letu hutoka mara nne tu kwa mwaka. Msomaji aliyeachwa katikati ya habari mwezi wa Machi, mwezi wa Juni amekwisha sahau, na nakala ya Machi imefungia vitumbua. Sehemu ya pili italazimika kurudia ya kwanza, na hapo mmepoteza nafasi mliyodhani mmeiokoa. Kama habari haigawanyiki, aidha ifupishwe ienee, au Mhariri aipishe nafasi kwa kuahirisha nyingine.

Sasa desturi yangu ya siku hizi, kwa anayetaka kuijaribu. Naandika yote bila kujizuia. Nalala. Asubuhi nasoma kwa sauti mbele ya mke wangu, ambaye hana haya nami. Akianza kupanga vyombo, naweka alama pembeni; hapo ndipo nilipomwambia jambo alilokuwa nalo. Akiniuliza, "Halafu?", naweka alama nyingine, hapo nimebana mno. Kisha narudi mezani, na pembeni ya kila aya naandika kwa maneno mawili au matatu inampa msomaji nini. Aya mbili zikitoa kitu kimoja, inabaki iliyo bora. Aya nikishindwa kuiandikia kitu, inaondoka, hata kama ndiyo yenye Kiswahili kizuri kuliko zote. Na mara nyingi ndiyo hiyo. Somo hili lilikuwa na aya tatu zaidi, mojawapo ya methali tupu. Nimeziweka sandukuni.

Kwa anayefupisha kazi ya mwingine, mambo mawili niliyojifunza kwa gharama. Usimkate mtu bila kumwita; mwulize, "Katika yote haya, lipi likitoka utaumia?" Atakuonyesha kwa kidole, nawe utashangaa, kwa maana mara nyingi ni lile ulilotaka kuanza nalo kulitoa. Na usitupe maandishi yake. Kasisi ametupa rafu moja katika kabati la ofisi, na tangu sasa kila makala iliyofupishwa, ile ya asili itawekwa humo katika bahasha yenye jina na tarehe. Gazeti lina kurasa 16, kabati lina nafasi.

Vipimo vyenyewe kwa toleo la Pasaka nimepatana na Mhariri kama ifuatavyo. Matangazo yasizidi maneno 60. Taarifa za vikundi ziwe nusu ukurasa, ziseme kilichoamuliwa na si nani alifungua mkutano kwa sala. Tanzia ni ukurasa mmoja, na mwandishi akiona hautoshi aje tuzungumze kabla ya kuandika, si baada. Makala nyingine ni kurasa mbili. Zimeachwa kurasa tatu zisizo na mwenyewe, kwa yeyote mwenye habari ambayo sisi hatuna; na kama hakuna, tutazijaza kwa maswali ya watoto wa shule ya Jumapili.

Wasio na kompyuta wasiogope. Ukurasa wa daftari la kawaida una mistari kama 25. Kwa maneno manane kila mstari ni maneno 200. Kurasa tatu za daftari zilizojaa ni kurasa mbili za gazeti. Andikeni upande mmoja tu wa karatasi, na acheni nafasi ya vidole viwili pembeni. Makala zipokewe na Katibu wa parishi hadi Jumapili ya pili ya Kwaresima. Na yule binti wa marehemu katekista, ambaye najua huletewa gazeti hili huko alikoolewa, kama lipo lolote lililomrudia kuhusu mzee wa ng'ambo ya mto, hata mistari mitatu, nimemwekea ukurasa.